Ndafu wa kuletewa Kimara: mtamu, ila mama aliulizia figo

Krismasi ya mwaka jana niliagiza ndafu, mbuzi mzima wa kuchomwa. Kirikuu, kile kigari kidogo cha mizigo, kiliingia getini saa nane kasorobo. Tuliahidiwa saa sita. Dereva akasema foleni. Jamani, foleni gani ya Barabara ya Morogoro tarehe 25 Desemba? Siku hiyo Dar ni nyeupe, nusu ya mji imekwenda kwao Moshi kwa sikukuu. Kama walichelewa kuwasha moto wangesema tu, ningewaelewa.

Nyuma ya kirikuu, juu ya sinia kubwa la bati, mbuzi mzima kapiga magoti. Rangi ya kahawia inang'aa, karoti mdomoni, giligilani shingoni, na kichwani kavishwa kofia nyekundu ya Baba Krismasi. Watoto walishangilia, simu zikatoka. Mama yangu, ana miaka 79, akasogea na fimbo yake, akamzunguka yule mbuzi taratibu kama yuko mnadani. Kijana aliyekuja naye akamwamkia, "Shikamoo bibi."

"Marahaba baba. Figo ziko wapi?"

Kijana akanitazama mimi. Mimi nikatazama kofia.

Niseme kwanza nilichoagiza. Ni jiko dogo la kina mama wawili hapa hapa Dar, wanachoma ndafu wa harusi na sendoff, na Desemba wanapokea oda za majumbani. Niliwapata kwa jirani. Niliagiza tarehe 8 kwa WhatsApp, mbuzi wa watu 25, shilingi 380,000 pamoja na kachumbari, pilipili, ndizi za kukaanga na mtu wa kuja kumkata. Mtori, supu nzito ya ndizi na nyama, ulikuwa pembeni, 60,000 kwa ndoo ndogo. Nusu unalipa siku ya oda, nusu mbuzi akifika. Kwa kujibu meseji ninawapa alama zote: nilituma ujumbe saa nne usiku, nikajibiwa kabla sijaweka simu chini.

Huu ni mwaka wa nne hatupandi Marangu, kwetu Kilimanjaro. Magoti ya mama hayataki baridi wala kile kilima cha kuingilia nyumbani, tukamshusha yeye badala ya sisi kupanda. Kihamba, shamba letu la migomba la ukoo, kinaangaliwa na kijana wa jirani. Miaka miwili ya kwanza tulipika pilau na kuku tukajidanganya kwamba ni Krismasi. Mwaka jana nikasema hapana, mbuzi lazima.

Sasa kuhusu figo. Nimekulia Marangu, mwishoni mwa miaka ya 1980 na ya 1990 yote, na sisi tulikuwa watoto wa kusubiri. Kuanzia tarehe 20 tunashinda barabarani pale Mtoni tukihesabu magari yanayopanda kutoka Himo, maana baba wadogo walikuwa Dar na kila aliyeshuka alishuka na kiroba: mchele, nazi, mikate ya slesi iliyobonyea njiani, na shati lililonunuliwa kwa kukisia umri wako. Mti wetu ulikuwa tawi la saipresi lililosimikwa kwenye kopo la rangi lenye mawe, tukalibandika pamba ya dukani iwe theluji. Theluji yenyewe ilikuwa juu ya Kibo, kilele cha Kilimanjaro, ukitoka kunawa uso asubuhi unaiona, lakini hakuna aliyeona kichekesho hapo.

Tarehe 24 alfajiri ndiyo ilikuwa siku. Mbuzi ni wa ndani, tumemkatia majani mwaka mzima, ana jina. Babu anamlaza juu ya majani ya migomba nyuma ya nyumba, mimi na binamu yangu tunashika miguu ya nyuma. Damu inakingwa kwenye sufuria yenye chumvi, shangazi anaikoroga na kijiti isigande. Hiyo ni ya kisusio, supu ya damu. Ngozi haijaisha kutoka, babu anaingiza mkono, anazitoa figo mbili na mafuta yake, anazitupia kwenye makaa. Huo ndio mshahara wa walioshika miguu. Tunazila moto vilevile, nje zimeungua, ndani bado nyekundu, na vidole vinanuka moshi mpaka kesho yake kanisani, tarumbeta zinalia na wewe unanusa vidole.

Kwa hiyo mama hakuwa anauliza swali la kizembe.

Turudi kwenye sinia. Ngozi ilikuwa kavu inavyotakiwa, ukiigonga kwa uma inalia. Paja lilikuwa laini na majimaji yake yote, sijala paja la mbuzi la namna hiyo hapa mjini kwa muda mrefu. Bega la kushoto karibu na mfupa lilikuwa bado, tukalirudisha kwenye mkaa dakika kumi na tano. Viungo viliwazidi mkono. Tangawizi, kitunguu saumu, ndimu, na kitu kingine cha paketi. Mbuzi wa nyumbani alipakwa chumvi basi, ladha nyingine alikuja nayo mwenyewe. Wanangu waliozaliwa Dar wanasema huyu ndiye mtamu. Siwezi kubishana na mtoto anayekula.

Mtori, msiagize. Umepitishwa kwenye blenda, umekuwa laini kama uji wa mgonjwa. Mama alionja kijiko kimoja, akasema ndizi ni mshare kweli, ila hakuna mkono uliozipekecha. Akaomba kikombe cha chai.

Kilichoniuma zaidi ni ukataji. Kijana alivaa glavu, akatoa kisu na panga dogo, na ndani ya dakika kumi mbuzi mzima akawa vipande sawasawa kwenye beseni moja, kila kitu kimechanganyika. Kazi safi, haraka, hakuna mfupa uliopasuka vibaya. Lakini kwetu kidari kilikuwa cha babu, ubavu ulitengewa shangazi walioolewa, shingo ya aliyechinja, na kwa mgao huo mtoto alijua nani ni nani kwenye ukoo. Nilitaka kumzuia, nikawa nimechelewa. Kaka yangu mkubwa alijichotea beseni kama tuko kwenye semina.

La kuwasifu ni hili: mbuzi alichinjwa na Muislamu, na waliniambia hivyo bila kuuliza. Majirani zetu wa upande wa kulia huwa wanatuletea pilau kila Idi, safari hii sahani yao iliondoka na paja bila mtu kuwa na wasiwasi. Maana yake pia damu haikingwi, kwa hiyo kisusio usahau. Kwa mbege, pombe yetu ya ndizi na ulezi inayozidi kuchachuka njiani, jitegemee. Sisi tulitumiwa dumu la lita 20 kwa basi kutoka Moshi, na aliyelifunga alikaza kifuniko. Atakayetumiwa mwaka huu amwambie mtu wake akilegeze, mbege haijui safari.

Jioni nikampigia mwenye jiko kulalamikia saa na bega. Aliomba radhi vizuri, akarudisha 30,000 jioni hiyo hiyo. Nikamuuliza na habari ya figo, mama yuko pembeni anasikiliza.

"Samahani kaka, vya ndani huwa wanakula vijana wa machinjoni. Wale wanaomshika mbuzi. Wanazichoma pale pale."

Nilimwambia mama. Alinyamaza kidogo, akakunja kanga miguuni.

"Waliomshika ndio wamekula?"

"Ndiyo mama."

"Basi sawa," akasema, akaomba aongezewe nyama.

Nyota tatu na nusu kwa tano. Mkitaka kuagiza, fanyeni kabla ya tarehe 10, mwambieni saa nne ili wafike saa sita, na mkatazeni kukata; ombeni kisu tu, mgawe wenyewe. Mwaka huu nimeshalipa nusu yangu. Nimeomba chumvi peke yake, kidari kibaki kizima, kofia wabaki nayo.