Mbao sebuleni, zulia chumbani, kampuni moja: nyota zangu na hasira zangu

Kwa asiye na muda: sakafu ya mbao ya sebuleni, nyota moja. Zulia la chumbani, ukuta hadi ukuta, nyota nne. Kampuni ni ile ile na mkataba ni ule ule, mafundi tu ndio tofauti. Hukumu hii huenda ikageuka kabla sijafika mwisho, maana kila nikipita sebuleni damu inachemka upya.

Mbao zimebinuka. Hazijapasuka wala hazijaoza. Kila ubao umeinua kingo zake mbili na kuacha tumbo chini, ubao kwa ubao, hadi sakafu nzima imekuwa kama bati. Mchana huoni kitu. Usiku zima taa, laza tochi chini ielekee ukuta wa pili, na utaona kila maungio yametupa kivuli chake. Ukikingamisha rula ya chuma juu ya ubao mmoja wenye upana wa milimita 120, kadi ya benki inapita chini ya rula bila kusukumwa.

Msimamizi wao aliitwa aje kuona. Alipitisha soli ya kiatu juu ya mbao, akatabasamu, akasema: "Dada, sakafu ni ya kukanyagwa, si ya kupapaswa." Alipoona sicheki akaongeza kwamba mbao hupumua.

Naam, hupumua. Ndiyo sababu dunia ina vipimo vya unyevu, na fundi wa sakafu asiyekuwa nacho mfukoni ni mpanga mbao tu. Ubao ukinywa maji hutanuka kwa upana, kwa urefu ni kidogo mno. Ukinywa sawasawa juu na chini, unanenepa na kusukumana na jirani yake. Ukinywa chini tu, upande wa chini unatanuka kuliko wa juu, na kingo hazina pa kwenda ila kupanda. Kwa hiyo sakafu iliyobinuka kingo inakuonyesha mwenyewe maji yanakotoka: chini. Ama bomba linavuja, ama zege halijakauka. Kwangu bomba ni zima. Zege lilikuwa bichi na wao walilifunika.

Zege hudanganya. Juu linakuwa jeupe, kavu, unalipigapiga linalia vizuri, na ndani limejaa maji. Mafundi wengi hukadiria mwezi mmoja kwa kila milimita 25 za unene, yaani slabu ya milimita 100 inataka kama miezi minne, tena ikiwa nyumba imeshaezekwa na hewa inapita. Kadirio hilo ni la kuanzia tu, halichukui nafasi ya kipimo. Jaribio la bei ya chini ni karatasi nzito ya plastiki ya sentimita 45 kwa 45, iliyofungwa kingo zote kwa utepe, ikae saa 16 au zaidi. Ukiifunua ukakuta matone, au zege limekoza rangi chini yake, acha kazi. Lakini plastiki ikitoka kavu usishangilie, kwa sababu hilo jaribio linasoma ngozi ya zege tu. Kipimo cha kweli ni kutoboa tundu hadi asilimia 40 ya unene wa slabu, kuzamisha kihisio, kuziba, kusubiri saa 24, kisha kusoma unyevu wa hewa iliyo ndani ya tundu. Watengenezaji wengi wa gundi za mbao wanataka usomaji usiozidi asilimia 75 au 80, na imeandikwa kwenye kopo. Kopo lao nilikuwa nalo mkononi wakati msimamizi ananieleza habari za kupumua.

Mbao nazo zina usomaji wao. Katika nyumba kavu au yenye kupashwa joto, mbao za sakafu hukaa vizuri kwenye asilimia 6 hadi 9 za unyevu. Penye hewa nzito zinaweza kufika 11 au 12 bila shida. Namba peke yake haitoshi, ni lazima uilinganishe. Ukipigilia juu ya plaiwudi, tofauti ya unyevu kati ya ubao na plaiwudi isizidi pointi 4 za asilimia kwa mbao nyembamba zisizofika milimita 75, na pointi 2 tu kwa mbao pana. Mbao pana ndizo zinazopendeza watu siku hizi, na ndizo zenye adhabu kubwa zaidi, kwa sababu ubao wa milimita 120 unabeba mtanuko wote huo peke yake.

Wao walishusha vifurushi, wakakata kamba, wakaanza kupanga saa hiyo hiyo. Kipimo kiko wapi? "Kimebaki ofisini." Ajabu ni kwamba mashine ya kupigilia, nyundo ya mpira na spika ya muziki havikubaki ofisini.

Hapa kuna uongo mmoja unaozunguka sana: "tuziache mbao nyumbani wiki moja zizoee." Vifurushi vikibaki ndani ya plastiki, wiki hiyo ni ya mapambo. Fungua, panga kwa safu zenye vijiti katikati ili hewa ipite pande zote, kisha pima leo na pima tena baada ya siku kadhaa. Namba ikiacha kutembea, zimezoea. Na nyumba yenyewe iwe katika hali itakayoishi: madirisha yamewekwa, plasta na rangi ya maji vimekauka, joto na unyevu wa hewa ni ule wa kila siku. Kuzoesha mbao kavu ndani ya nyumba inayotoka jasho ni kuzinywesha maji makusudi.

Niling'oa kipande cha skatingi, ule ubao mwembamba unaozunguka chini ya ukuta. Upande mmoja mbao zimebana ukuta kabisa. Panatakiwa nafasi ya milimita 12 hadi 20 kuzunguka chumba chote, pamoja na kwenye nguzo na fremu za milango, na skatingi ndiyo inayoificha. Pasipo nafasi hiyo mbao zikitanuka zitanyanyuka zote kwa pamoja, na hapo utakuwa na kilima katikati ya sebule. Bado hakijatokea. Nakisubiri.

Suluhisho walilolileta ndilo lililonifanya niandike haya. Wanataka kuja na mashine ya msasa, waanze na karatasi yenye chembe kubwa, namba 40, wafuate na laini zaidi za 60, 80 na 100, wapake vanishi upya, "itanyooka kama kioo." Itanyooka siku hiyo. Kingo zilizopanda zitaliwa na msasa wakati upande wa chini wa ubao bado umejaa maji. Zege likija kukauka, ubao unarudi kwenye umbo lake, kingo zinashuka chini ya katikati, na sasa una sakafu ya migongo badala ya sakafu ya matumbo. Hiyo hairekebishiki ila kwa kusaga tena. Na nyama ya ubao ya kusaga haina wingi: ubao mzima, yaani wa mti mtupu juu hadi chini, wa milimita 19 una kama milimita 6 tu juu ya ulimi wake, ule ukingo unaochomekwa kwenye ubao wa jirani. Ukizimaliza, misumari inaanza kuchungulia.

Basi chukueni zulia. Hapo ndipo hasira ilipokuwa imenifikisha, na chumbani nina ushahidi. Wale mafundi wawili wa zulia hawakuongea sana, lakini kila walichogusa walikigusa kwa mpangilio wake. Walipigilia vile vipande vyembamba vya mbao vyenye ncha kuzunguka chumba, ncha zikielekea ukutani, wakaacha mwanya mdogo usiofikia unene wa zulia ili ukingo uchomekwe pale ukazame. Sponji ya chini walichagua nzito ya milimita 9. Wauzaji hupenda kukusukumia ile nene laini inayobonyea vizuri dukani. Iache, zulia juu yake hucheza kila hatua, mgongo wake unachoka na maungio yanaachia. Kwenye ngazi ndiyo hatari zaidi.

Kisha wakalivuta. Hapa ndipo zulia linapofaulu au kufeli. Kile kifaa kifupi cha kusukuma kwa goti ni cha kuliweka tu mahali pake. Cha kulivuta ni fimbo ndefu yenye meno, inayoegemea ukuta wa pili na kukaza kwa mkono wa chuma. Zulia la kufumwa kwa sindano la nyumbani linahitaji kuvutwa kati ya asilimia 1 na 1.5 kwa urefu na kwa upana. Kwa chumba cha mita 4 hiyo ni sentimita 4 hadi 6 za kukata na kutupa ukutani. Fundi asiyekata kitu ukutani baada ya kuvuta hakuvuta. Mawimbi utakayoyaona baadaye mbele ya kitanda atasema ni hali ya hewa.

Roli nyingi zina upana wa mita 3.66 au 4, kwa hiyo chumba kipana kina maungio, utake usitake. Pitisha kiganja kwenye vipande vyote viwili: manyoya yalale upande mmoja, la sivyo vitaonekana rangi mbili kwenye mwanga wa dirisha. Maungio ya sponji yasikae chini ya maungio ya zulia. Na kingo zilizokatwa zipakwe gundi kabla ya kuunganishwa kwa utepe wa moto, ule wenye gundi inayoyeyushwa kwa joto, vinginevyo nyuzi zitaanza kutoka moja moja.

Nyota nne, basi, na ya tano niliinyima kwa sababu waliniachia mlango unaokwaruza zulia. Kupunguza mlango kwa randa ni kazi ya muda mfupi.

Ila ngoja. Nikisema zulia sebuleni nitakuwa nawadanganya kwa hasira nilizo nazo kwa mtu mwingine. Sebule yenye mlango wa nje, chakula, watoto na viatu italiua. Nyuzi za poliesta hazishiki doa upesi lakini zinalala kwenye njia ya kupita na haziamki. Polipropilini haijali chai, lakini mafuta inayang'ang'ania, na ukiburuta kabati juu yake msuguano unaacha alama ya kuungua. Nailoni ndiyo inayoinuka tena ikikanyagwa. Sufu ni nzuri kuliko zote, ila nondo wanaipenda, na dawa ya klorini inaiyeyusha. Kikimwagika kitu, gandamiza kitambaa cheupe kutoka nje ya doa kuingia ndani, ukisugua umelipanua. Sabuni iliyobaki ndani ya nyuzi huvuta uchafu, ndiyo maana doa "lililotoka" hurudi jeusi baada ya wiki chache. Na zulia likilowa hadi kwenye sponji lisipokauka ndani ya siku moja au mbili, jiandae kwa kuvu.

Sasa rudisha akili kwenye lile zege bichi. Kama sebuleni wangeweka zulia, maji yale yale yangepanda, yangekaa ndani ya sponji, na nisingeona kivuli chochote kwenye tochi. Ningekuja kusikia harufu. Mbao angalau zilisema kweli mapema, mbele ya macho ya watu. Kwa hiyo ile nyota moja naifuta: mbao zenyewe nazipa nne, na kazi ya kampuni sebuleni sifuri.

Kwa anayechagua sasa hivi: juu ya zege, fikiria mbao za tabaka kabla ya mbao nzima. Za tabaka zina mgongo wa plaiwudi, tabaka zimekingamana, hivyo hazitanuki ovyo, na zinakubali gundi moja kwa moja. Angalia unene wa tabaka la juu kabla ya kuangalia rangi. La milimita 2 pengine utalisaga mara moja, kwa tahadhari. La milimita 4 na kuendelea lina maisha marefu zaidi. Sakafu inayobeba mbao, iwe zege au plaiwudi, isipishane kimo zaidi ya milimita 3 kwa kila mita 2 za rula, la sivyo mbao zitalia mkipita. Vanishi ikikauka saa 24 unaweza kutembea na soksi, lakini mazulia madogo yasubiri kama mwezi, na yenye mgongo wa mpira yasije kabisa, yanabadilisha rangi ya vanishi. Dekio liwe limekamuliwa hadi halidondoshi. Mashine ya mvuke isiingie sebuleni. Vyumba vya kulala, ngazi, na chumba kilicho juu ya kichwa cha mtu mwingine, weka zulia, kwa sababu hakuna mbao inayozima kishindo cha kisigino kama sponji.

Na muulize muuzaji swali moja tu kabla ya kulipa: usomaji wa zege na wa mbao utaandikwa kwenye karatasi gani, na nani ataweka saini? Akikuambia mbao hupumua, chukua pochi yako.

Kampuni imeshatumiwa barua. Nimetaka zege lipimwe kwa tundu, mbao zipimwe juu na chini, skatingi zing'olewe zote na mwanya ukatwe, kisha tusubiri hadi usomaji wa chini na wa juu ukaribiane. Mbao nyingi zilizobinuka kingo hushuka zenyewe maji yakiisha, na zitakazokataa zibadilishwe kwa gharama yao. Wamejibu kwamba mashine ya msasa iko tayari wiki ijayo. Nimewajibu wailete pamoja na kile kipimo kilichobaki ofisini, vinginevyo geti halifunguliwi.