Laibrari ya filamu, Busia: chukua sitkomu, ila usichukue zilizotafsiriwa na VJ

Nina saluni Busia, upande wa Uganda, na televisheni yangu haizimwi kuanzia nafungua mpaka nafunga. Laibrari ninayojazia flashi ni kibanda cha mabati barabara ya kwenda Tororo, kina kompyuta mbili na mabango ya filamu za kivita yaliyopauka kwa jua. Filamu moja shilingi 500, msimu mzima wa sitkomu 2,000.

Filamu ndefu sizitaki saluni. Mteja anaingia imefika katikati, halafu muda wote namtengeneza nywele ananiuliza nani kamuua nani. Sitkomu, yaani kichekesho cha televisheni cha episodi fupifupi, haina shida hiyo: dakika 22 hivi bila matangazo, watu walewale, sebule ileile, kochi lilelile, na balaa linaloanza na kuisha humohumo. Episodi inayofuata wote wameshasahau, wanaanza upya. Ukiingia popote unaelewa.

Kijana wa pale anaijua kazi yake. Nilipomwambia nataka vichekesho vya zamani, akaniuliza, "Sista, zamani ya lini?" Nikamwambia hata ya kabla bibi yake hajaolewa. Akanitolea I Love Lucy, ya Marekani, iliyoanza 1951. Nilitegemea picha ya ukungu, kumbe ni safi kuliko nyingi za juzi. Enzi hizo vipindi vingi vya Marekani vilirushwa moja kwa moja kutoka New York, na miji ya mbali ikaletewa nakala mbovu iliyopigwa kutoka kwenye skrini. Lucille Ball na mumewe Desi Arnaz hawakutaka kuhama California, basi wakarekodi kwenye filamu ya sinema, kamera tatu kwa pamoja, mbele ya watazamaji waliokaa ukumbini. Filamu inatunzika, kwa hiyo kipindi kikarudiwa na kurudiwa mpaka kikafika kwangu. Ile episodi ya 1952 ya kiwanda cha chokoleti, mkanda unaongeza kasi na Lucy anazifutika mdomoni na kifuani ili msimamizi asizione, ilinisimamisha kazi. Mama niliyekuwa namsuka alicheka mpaka rasta zikanitoka mkononi, na Kiingereza chake ni cha kusalimia tu.

Sasa malalamiko. Sitkomu nyingi za pale zimepitia kwa VJ, yule msimulizi anayetafsiri filamu kwa Luganda akiongea juu ya sauti za waigizaji. Mimi sina ugomvi na maVJ. Filamu ya kivita bila VJ Jingo au VJ Junior naiona imepoa. Lakini kazi ya VJ ni kujaza kila penye kimya, na sitkomu inaishi kwenye hicho kimya. Mwigizaji anatupa neno, anasimama, anaangalia pembeni, anangoja watu wacheke ndipo aendelee. Hata pale ambapo hapakuwa na watazamaji, kicheko kiliwekwa baadaye. Fundi mitambo mmoja, Charley Douglass, alitengeneza mashine nzima ya kazi hiyo miaka ya 1950. VJ akiingia hapo na maneno yake, unasikia watu wanacheka chini ya sauti yake na hujui wanacheka nini. Mbaya zaidi ilikuwa Mind Your Language, ile ya Uingereza ya 1977 ya darasa la wageni London, kila mmoja anakivunja Kiingereza kivyake. VJ kawapa wote Luganda moja, iliyonyooka kabisa. Wateja wangu walitazama kama taarifa ya habari.

Kwa hiyo sema mapema: "Nipe isiyotafsiriwa." Anazo, ila ziko kwenye kompyuta ya pili na usipouliza haonyeshi.

The Office ya Waingereza, ya 2001, pia nilichukua. Mimi naipenda sana. Haina kicheko hata kimoja, kamera inatikisika kama ya mwandishi wa habari aliyefuata watu kazini, na bosi anajiaibisha mpaka unatamani kutoka nje. Kwa saluni haifai. Draya ikiwaka hakuna anayejua kama ni kichekesho, na mteja mmoja aliniuliza hao watu wamefukuzwa kazi au vipi.

Wanachokosa kabisa ni vya hapa jirani, Kenya. Sisi wa mpakani tumekua na Vioja Mahakamani, na Papa Shirandula ya televisheni ya Citizen, iliyoanza 2007, ya marehemu Charles Bukeko akiwa mlinzi anayemficha mkewe kazi yake. Hiyo ndiyo sitkomu, uongo mmoja unaoliwa miaka na miaka, tena Kiswahili chake hakihitaji VJ. Nimeiulizia, naambiwa "kesho". Wiki ikipita, bado ni kesho.

Nenda asubuhi kabla foleni ya vijana wa bodaboda haijajaa, na umwombe apange episodi kwa namba, la sivyo anazimwaga kwenye flashi ovyo. Kwa vipindi vya aina ya Lucy haidhuru. Kwa Friends ya Marekani, ambako kisa kinaendelea na wapenzi Ross na Rachel wanaachana na kurudiana, utapigiwa kelele saluni nzima.