Pampu ya sola ya SQFlex kwenye kisima chenye maji machache: tathmini kwa wakulima wa Nakuru na Kisumu

Kisima kirefu kinachotoa lita 1,000 kwa saa si kisima kibovu. Ng'ombe wa maziwa hunywa kati ya lita 60 na 100 kwa siku, kwa hiyo lita 5,000 za mchana mmoja zinatosha ng'ombe 40 na nyumba ya mwenyewe juu yake. Kinachokipaka matope kisima cha namna hii ni pampu kubwa kupita kiasi, iliyofungwa pamoja na kisanduku cha kuiwasha na kuizima kinachosifiwa kuwa ni cha otomatiki. Visima hivi vipo Rongai, Solai na Njoro. Vipo pia Seme, upande wa Kit Mikayi, ambako maji hujificha katika nyufa za mawe ya itale na huingia kisimani polepole.

Kabla ya kusema lolote kuhusu mtambo wenyewe, tupige hesabu. Kesingi (bomba linaloshikilia kuta za kisima) ya inchi 6 hubeba takriban lita 17.7 za maji kwa kila mita. Ukiweka pampu ya lita 3,000 kwa saa kwenye kisima kinachoingiza lita 1,000, kila saa kinapungukiwa lita 2,000, yaani maji yanashuka karibu mita 2 kila dakika. Kama kuna mita 60 za maji juu ya pampu, nusu saa tu zimekwisha. Sasa weka pampu ya lita 1,200 kwenye kisima kilekile. Upungufu ni lita 200 kwa saa, maji yanashuka mita 11 hivi kwa saa, na mita zile 60 zinakupeleka saa tano na zaidi, wakati ambapo jua lenyewe limeanza kuinama. Usiku kisima kinajijaza, na kesho unaanza tena na akiba ya lita elfu moja.

Hiyo ndiyo sababu tunaipenda SQFlex ya Grundfos, kampuni ya Denmark, kwa kazi hii, hasa zile ndogo: SQF 0.6 na SQF 1.2. Namba hiyo inaonyesha kwa makadirio mita za ujazo kwa saa. Ndogo hizi, pamoja na 2.5, hazina impela, yaani gurudumu la mapezi linalorusha maji. Zina rota ya chuma iliyosokotwa, inayozunguka ndani ya ganda la mpira na kuyapandisha maji kidogo kidogo hata kisima kikiwa kirefu sana. Zenye herufi A, kama 5A na 8A, ni za impela, na kwa kisima dhaifu hazina kazi. Mota hukubali umeme wa DC wa volti 30 hadi 300, au wa AC wa volti 90 hadi 240, kwa hiyo siku za mawingu mazito unaweza kuiunganisha na jenereta ndogo bila kubadilisha chochote kisimani, mradi uwe na swichi ya kuchagua chanzo cha umeme.

Ubora wake mkubwa kwa kisima dhaifu ni kwamba asubuhi na jioni, jua likiwa hafifu, haizimi. Inazunguka polepole. Ndiyo maana unaweza kuipunguza nguvu kwa kutoa paneli moja tu, bila kununua kifaa kingine. Hapa pana onyo kwa mafundi waliozoea pampu za impela. Kwa pampu hizo, kufunga vali nusu ili kupunguza maji ni njia halali. Kwa pampu ya rota, usifunge vali hata kidogo. Yenyewe itazidi kusukuma, presha itapanda, na kitakachoachia kwanza ni maungio ya bomba.

Sasa kuhusu kujilinda na ukavu. Visanduku vingi vya bei nafuu hupima ampea. Pampu ya impela ikikosa maji, mzigo hushuka, ampea hushuka nazo, na kisanduku kinazima. Ukiweka kizingiti kwenye asilimia 75 au 80 ya ampea za kawaida, kinafanya kazi vizuri umeme ukiwa tulivu. Umeme wa vijijini ukiyumba, ampea huyumba nao, na kisanduku ama kinazima bure ama kinaacha pampu iungue. Kwa pampu ya rota njia hii haifai kabisa, kwa sababu maji yakishuka mzigo haupungui, unaongezeka, na mpira usiopata maji huungua kwa muda mfupi mno. SQFlex haitegemei makisio hayo. Ina elektrodi, yaani kipande cha chuma kinachotambua maji kwa umeme mdogo, iliyofungwa kwenye kebo, sentimita 30 hadi 60 juu ya pampu. Maji yakishuka chini ya elektrodi, pampu inasimama. Yakirudi na kuifunika, inangoja dakika 5 kisha inawaka yenyewe. Akili hiyo yote iko ndani ya mota. Kontrola ya CU 200 inayofungwa ukutani ni ya kukuonyesha hali (tangi limejaa, kisima kikavu, wati zinazotumika) na kupokea waya wa floti ya tangi, yaani boya la kujulisha tangi limejaa. Bila CU 200, ukiwa na swichi ya kawaida tu, ulinzi bado upo.

Lakini elektrodi hiyo ni breki ya dharura, na mafundi wengi huifanya usukani. Chukua kisima chenye maji yanayorudi taratibu. Pampu inazima, maji yanapanda kidogo na kufunika elektrodi, dakika 5 zinapita, pampu inawaka, inamaliza hayo machache, inazima tena. Mchana kutwa ni kuwaka na kuzima, na kila mwako unatikisa bomba na kutifua mchanga. Grundfos wenyewe wameweka kikomo cha gramu 50 za mchanga kwa kila mita ya ujazo. Dawa ya kwanza ni kupunguza paneli hadi pampu iende na kasi ya kisima. Ikiwa bado inazima mara kwa mara, ongeza relei (swichi inayoendeshwa na umeme) ya viwango viwili: elektrodi ya chini mita 5 juu ya pampu ndiyo ya kuzima, ya juu mita 25 au 30 juu yake ndiyo ya kuwasha, na ya tatu ya pamoja chini kabisa. Hapo kisima kinapewa nafasi ya kujaa kweli kabla ya kazi kuanza tena.

Wenye visima vya mafuta walikutana na tatizo hilihili. Kule Marekani kisima kisichozidi mapipa 15 kwa siku, yaani kama lita 2,400, huhesabiwa kuwa dhaifu, na viko vingi sana. Pampu zao za kichwa kinachoinama na kuinuka hufungwa kipimo cha uzito kwenye fimbo ya kuvutia. Silinda isipojaa vizuri, uzito kwenye fimbo hubadilika kwa namna inayotambulika, na kontrola inaisimamisha pampu ili kisima kijae. Zilizo bora zaidi hazisimamishi, hupunguza mwendo. Maji au mafuta, kisima dhaifu huhudumiwa kwa mwendo, na kuzima hubaki akiba.

Hitilafu za elektrodi ni mbili, na zinavutana. Ya kwanza ni ukoko. Maji ya Bonde la Ufa yana chumvichumvi nyingi, na ukiitoa pampu iliyokaa muda mrefu utakuta elektrodi imevaa ganda jeupe, gumu, linalokwaruzika kwa kisu. Ganda likikolea, umeme mdogo wa kupimia haupiti, na pampu inadai kisima kikavu huku mita 40 za maji zimesimama juu yake. Isafishe kwa siki na brashi laini kila pampu inapotolewa, usitumie msasa. Ya pili ni kinyume chake: maji yanayotiririka. Visima vingine hupokea maji kutoka ufa ulio juu, nayo hushuka ukutani yakirusha matone. Elektrodi iliyolowa inaona kuna maji wakati hakuna. Dalili yake ni pampu inayoendelea kunguruma huku bomba likitoa hewa na maji kwa zamu. Suluhisho ni kuvisha elektrodi kipande cha bomba la plastiki la inchi 1, wazi chini, chenye tundu dogo juu la kutoa hewa, ili isome kiwango cha maji yaliyotulia peke yake.

Joto nalo liangaliwe mapema. Kikomo cha SQFlex ni maji ya nyuzi 40. Jirani na Menengai na pande nyingine za Bonde la Ufa, maji ya moto kuliko hayo si ajabu. Mpira wa ganda huvimba kwa joto, rota inabanwa, na mota inalemewa. Pima maji kwa kipimajoto siku ya kujaribu kisima, kabla ya kuagiza. Siku hiyohiyo chukua chupa ya maji ya kupimwa floraidi, madini yanayoharibu meno yakizidi. Kiwango kinachokubalika ni miligramu 1.5 kwa lita, na hakuna pampu inayoiondoa hata iwe ghali vipi.

Kwa upande wa paneli, tuseme maji yanapandishwa mita 110 kwa jumla na unataka lita 800 kwa saa. Kazi halisi ni kama wati 240. Ukiingiza upotevu, mota itataka karibu 480. Paneli za wati 900 hadi 1,000 zitakupa kiasi hicho hata jua lisipokuwa kali, na kwa saa 6 nzuri unapata karibu lita 4,800. Unganisha kwa mfululizo ili volti ziwe juu, zisipungue 120 pampu ikiwa kazini. Ila usizidishe. Paneli 6 zenye volti 49 kila moja, zikiwa hazina mzigo, hufika 294, na kwa karatasi ziko chini ya 300. Kwenye baridi ya alfajiri ya Molo au Mau Narok, nyuzi 8 hivi, volti huongezeka kama asilimia 5, unafika 309, na umevuka kikomo. Ziwe 5, basi. Kebo ya kushuka mita 120 iwe ya milimita 4 za mraba. Ile ya 2.5 inafanya kazi lakini hupoteza volti karibu 7 badala ya 4.

Udhaifu tunaouona mkubwa ni huu: vifaa vyote vya kielektroniki viko chini kisimani, ndani ya mota. Vikiharibika, bomba lote linatolewa. Mtambo wa PS2 wa Lorentz wa Ujerumani umeweka kontrola juu, na kikiharibika kitu unakibadilisha bila kutoa pampu kisimani. Kwa Kisii, Kakamega na Kericho, ambako radi hupiga mfululizo, jambo hili lina uzito. Ukichagua SQFlex maeneo hayo, usikubali kazi isiyo na kinga ya radi kwenye waya wa paneli na nondo ya shaba iliyozamishwa ardhini kando ya kisima, iliyoungwa na fremu ya paneli.

Ufungaji wenyewe, simamia haya. Pampu isikae kwenye tope la chini, iachwe mita 5 hadi 10 kutoka mwisho, wala isitazamane na matundu ya kesingi. Ikiwa maji yote huingia kutoka juu yake, ivalishwe koti la bomba ili maji yapite kwanza kwenye mota na kuipoza. Bomba la plastiki la HDPE la milimita 32 liwe la PN16, yaani la kuhimili presha ya bar 16. Kebo ifungwe kwenye bomba kila mita 3, na kamba ya usalama isibebe uzito wa bomba. Teremsha pia bomba dogo la kupimia kina. Kabla ya kuteremsha, zamisha pampu na elektrodi kwenye pipa la maji, washa, kisha inua elektrodi peke yake kwa sekunde chache. Pampu isiposimama papo hapo, kazi isiendelee. Ikishafungwa, jaza mtungi wa lita 20 saa sita mchana. Kwa lita 800 kwa saa unatakiwa ujae kwa sekunde 90. Andika sekunde hizo na kina cha maji kwenye daftari kila mwezi. Sekunde zikiongezeka huku kina hakijabadilika, mpira umeanza kulika. Kina kikishuka huku sekunde ni zilezile, kisima ndicho kinachopungua, na ni wakati wa kutoa paneli moja.

Asiye na ripoti ya majaribio ya saa 24, yenye kipimo cha maji yanavyorudi baada ya pampu kuzimwa, asinunue mtambo huu bado. Na mwenye kisima cha lita 5,000 kwa saa na zaidi atapata maji mengi kwa pesa hizohizo akichukua pampu ya kawaida ya impela.