Kijitabu cha tafakari kinachouzwa mlangoni pa kanisa letu, Majengo: kinafaa kununuliwa?

Kinafaa. Nalisema mapema kwa sababu ndugu wengi wananiuliza kabla ya kutoa franka 3.000, na siku hizi hapa Goma franka 3.000 si pesa ya kuchezea. Tangu mabenki yalipofunga milango mwanzoni mwa 2025, vita ilipoingia mjini, noti tulizo nazo zimechakaa hadi zinabandikwa gundi, na mama muuza sombe (majani ya muhogo) anaigeuza noti huku na huku kabla ya kuipokea. Mtu akitoa noti nzima kwa ajili ya kijitabu, ana haki ya kujua anapewa nini.

Anapewa tafakari za miezi mitatu, ukurasa mmoja kwa siku. Juu kuna mstari wa siku, kisha sehemu ya Biblia ya kusomwa yote, kisha maelezo, swali moja na sala fupi. Mistari imenukuliwa kutoka Biblia ya Union, ile ambayo wengi wetu tumekua nayo. Hakikuandikwa na mtu mmoja. Kamati ya mafundisho iligawia waamini majuma: mwalimu wa shule ya msingi, muuguzi, mashemasi, mama mfanyabiashara, vijana wa kwaya. Majina hayakuwekwa, na hilo limenipendeza sana, maana msomaji analipima neno lenyewe bila kuangalia limetoka kinywani mwa nani.

Mimi ni fundi cherehani na ninaongoza kikundi cha maombi cha nyumbani. Tunakutana saa kumi na mbili asubuhi, kabla watu hawajatawanyika kwenda Birere, sokoni Virunga au kazini. Hapo ndipo tulipokisomea kijitabu hiki, kwa sauti, mmoja akisoma na wengine wakisikiliza, mara nyingi kwa mwanga wa tochi ya simu. Kwa hiyo ninayoyasema nimeyaona pia kwenye nyuso za waliokuwa wanasikia.

Hata kama kingekuwa na juma la Yeremia tu, ningekinunua.

Yeremia 29:11 tunaujua wote. Nimeuona kwenye vioo vya teksi, kwenye ukuta wa saluni, kwenye kadi za harusi: "Maana nayajua mawazo ninayowawazia ninyi, asema BWANA, ni mawazo ya amani wala si ya mabaya, kuwapa ninyi tumaini siku zenu za mwisho." Aliyeandika juma hili hakutaka kuanzia hapo. Siku ya kwanza alitupeleka nyuma, sura ya 28, kwa nabii Hanania. Huyu alisimama katika nyumba ya BWANA, mbele ya makuhani na watu wote, akatangaza kwamba miaka miwili haitakwisha kabla vyombo vya hekalu na watu waliochukuliwa Babeli hawajarudi. Akaichukua nira iliyokuwa shingoni mwa Yeremia akaivunja. Hebu fikiri furaha ya watu siku ile! Na Yeremia mwenyewe alikuwa amesema Amina, BWANA na afanye hivyo. Hakuwa mtu wa kutakia wenzake mabaya. Lakini neno alilopewa lilikuwa lingine.

Siku ya pili ndipo inafunguliwa sura ya 29, na mwandishi anatukumbusha kwamba ile ni barua. Ilipelekwa kwa mikono ya Elasa na Gemaria, kwa watu waliohamishwa pamoja na mfalme Yekonia. Watu wenye barua mkononi, wakingoja kusoma tarehe ya kurudi nyumbani. Na barua inawaambia nini? Jengeni nyumba mkae. Pandeni bustani mle matunda yake. Waozeni watoto wenu, mkaongezeke huko wala msipungue. Kisha mstari wa 10: miaka sabini. Ndipo unakuja wa 11.

Mwandishi hakutuonea haya. Aliandika wazi kwamba wengi kati ya walioisoma barua ile walijua hawataiona Yerusalemu tena, na kwamba tumaini waliloahidiwa lilikuwa la kupandwa na wao na kuvunwa na wajukuu. Sijawahi kusikia mstari huu ukifundishwa hivyo hapa kwetu. Tumeusikia mara nyingi kama cheki ya kwenda kuchukulia pesa kesho, na wapo manabii wanaopita nyumba kwa nyumba na miaka miwili ya Hanania mfukoni: visa itatoka, vita itakwisha kabla ya Noeli, shamba litarudi. Watu wanaumia. Wanatoa sadaka juu ya ahadi ambayo Mungu hakuitoa, na siku inapopita wanadhani aliyesema uongo ni Mungu.

Katika kikundi chetu kuna mama mzee aliyetoka Masisi. Alipitia kambi ya Bulengo ya waliokimbia vita, na kambi zilipofungwa akabaki mjini kwa binti ya ndugu yake. Siku ile tuliposoma habari ya bustani alikaa kimya muda mrefu, kisha akasema, "Kumbe waliambiwa wapande kule kule." Akarudia tena, polepole. Ardhi yetu hapa ni mawe ya volkano, kila mtu anajua, hakuna pa kuchimba shimo. Baada ya siku chache nilimkuta anajaza udongo kwenye magunia ya zamani ya unga, ameyapanga kando ya ukuta. Sasa mboga za lengalenga zimeota, na ametugawia. Kwangu mimi hiyo ndiyo kazi ya tafakari: Neno lisomwe lote, pamoja na kipande kigumu, halafu mtu asimame aende akafanye kitu.

Siku ya nne ya juma hilo ni 29:7, "Kautakieni amani mji ule," na swali chini ya ukurasa linauliza: mji unaoishi leo, umeuombea nini? Watu walisema mengi asubuhi hiyo, na wengine walilia. Sitayaandika hapa. Yalisemwa mbele za Mungu na yabaki kwake.

Ukurasa mwingine ambao sitausahau ni wa Rispa, suria wa mfalme Sauli, 2 Samweli 21. Nakiri kwa furaha kwamba sikutarajia kumkuta kwenye kijitabu cha kanisa, maana habari yake ni nzito na wahubiri wengi huipita. Wanawe wawili, Armoni na Mefiboshethi, walitolewa pamoja na wengine watano wa ukoo wa Sauli, wakauawa kwa ajili ya kosa ambalo si lao. Miili ikaachwa mlimani. Rispa akachukua gunia, akalitandika juu ya mwamba, akakaa pale tangu mwanzo wa mavuno mpaka mvua ilipowanyeshea, akiwafukuza ndege mchana na wanyama wa mwitu usiku. Biblia haikuandika neno hata moja kutoka kinywani mwake. Lakini habari zake zikamfikia Daudi, na mfalme akaenda kuichukua mifupa ya Sauli na Yonathani kule Yabesh-Gileadi, ikakusanywa pamoja na ya wale saba, na maziko yakafanyika kwa heshima. Ni baada ya hayo, inasema aya ya 14, ndipo Mungu akasikia maombi kwa ajili ya nchi.

Nadhani ukurasa huu uliandikwa na yule muuguzi, ingawa hakuna aliyeniambia. Umeandikwa na mtu anayejua mwili wa marehemu ni kitu gani. Hauelezi sana. Unasema tu kwamba mama aliyekaa na maiti alimfundisha mfalme wajibu wake, na kwamba kuzika vizuri ni ibada. Mji uliopitia Januari 2025 hauhitaji kufafanuliwa zaidi ya hapo. Tulipomaliza kusoma, hakuna aliyejibu swali la siku hiyo. Tuliimba, tukaachana.

Mjane wa 2 Wafalme 4 naye amepewa siku mbili nzuri, na ninashuku ni yule mama mfanyabiashara aliyeziandika, kwa sababu zinaanza na deni. Mwenye kudai anakuja kuwachukua watoto wawili wawe watumwa wake. Wahubiri hukimbilia muujiza wa mafuta; hapa tumeelekezwa kwenye vyombo vitupu vilivyoazimwa kwa jirani, na kwenye amri ya Elisha baada ya muujiza: uza, lipa deni, kisha kinachobaki mle wewe na wanao. Deni linalipwa kwanza. Akina mama wa likirimba, wale wanaochanga pesa na kupeana kwa zamu, walilijadili hilo mpaka jua likatoka, na wawili waliokuwa hawasalimiani kwa sababu ya zamu ya pesa walitoka pamoja.

Sasa niseme panapopungua, maana kijitabu hiki nakipenda na nataka kiwe bora.

Juma la tisa, lenye kichwa cha ushindi, ni dhaifu. Filipi 4:13, "Nayaweza mambo yote katika yeye anitiaye nguvu," umewekwa peke yake na kupewa wanafunzi wanaongoja mtihani wa taifa na wafanyabiashara wanaotaka kukua. Mstari wa 12 upo palepale juu yake, Paulo akisema amefundishwa kushiba na kuona njaa, kuwa na vingi na kupungukiwa. Alikuwa kifungoni alipoandika. Epafrodito aliyemletea msaada alikuwa ameugua karibu kufa. Nguvu anayoisema ni ya kusimama wima katika hali zote mbili, na mwanafunzi aliyeshindwa mtihani anaihitaji kuliko aliyefaulu. Kamati iliyotupa juma la Yeremia ingeweza kumwambia mwandishi huyu arudi nyuma mstari mmoja tu.

Lililoniuma zaidi ni siku ya 1 Wathesalonike 5:18, "shukuruni kwa kila jambo." Maelezo yake yanamwambia aliyefiwa ashukuru, haraka, kwa sentensi tatu, kana kwamba machozi ni upungufu wa imani. Nilikuwa na dada aliyefiwa na mtoto wake amekaa mbele yangu siku hiyo. Niliruka aya ile nikasoma Yohana 11:35, Yesu akalia, na tukaomba. Kijitabu cha miezi mitatu kwa waamini wa Goma kinahitaji zaburi za kilio. Zaburi 88 haimo, ile inayoanza kwa kumlilia Mungu mchana na usiku na kuishia gizani bila kugeuka. Kitabu cha Maombolezo kimeguswa mara moja tu, 3:22 na 23, huruma ambazo ni mpya kila siku asubuhi. Ni maneno matamu, lakini yamesimama katikati ya mashairi matano ya mtu anayetembea kwenye magofu ya mji wake, na mlolongo huo wa kilio ndio unaoyapa uzito. Mtu asiyesikia kilio hawezi kujua huruma hiyo ilimkuta mwandishi wapi.

Zaburi 46 imefanyiwa haki. Milima inayotetemeka haikugeuzwa kuwa mfano wa shida za ofisini: mwandishi alimtaja Nyiragongo, volkano yetu, kwa jina, ilivyolipuka 2002 na 2021, na barabara ya Sake iliyojaa watu wenye magodoro kichwani.

Upande wa kazi ya mikono: herufi ni ndogo mno. Wazee wetu wanasoma kwa tochi, na miwani si wote wanayo. Pini za katikati ni mbili tu, na kurasa za kati zinachomoka kabla ya mwezi wa pili. Mimi nimekishona changu kwa uzi wa cherehani na nimewashonea wengine wa kikundi. Jalada ni karatasi ya kawaida, ikinyeshewa wakati wa kwenda ibadani imekwisha. Kama bei ingepanda hadi franka 3.500 kwa herufi kubwa na jalada gumu kidogo, ningelipa, na nadhani wengi wangelipa wakielezwa sababu.

Kwa wasiosoma, vijana wa kwaya wanarekodi kila ukurasa na kuutuma kwenye simu usiku wa kuamkia siku yenyewe, bure. Sauti ni safi, wanasoma bila kukimbia, na sehemu ya Biblia wanaisoma yote. Mama yangu mkwe, ambaye macho yamemwacha, anaisikiliza mara mbili kabla ya chai. Ila umeme ukikatika siku mbili, simu nayo imezimika, kwa hiyo nyumba yenye mzee isitegemee sauti peke yake.

Kinapatikana Jumapili baada ya ibada ya pili, kwenye meza ya vijana kushoto kwa mlango. Mkiwa kikundi, nunueni vitatu au vinne vizunguke. Si lazima kila mtu awe na chake. Toleo linalofuata wametangaza kwamba litakuwa na Waraka wa Yakobo. Nimeshamwambia shemasi anayesimamia kamati kuhusu herufi na kuhusu Zaburi 88. Ameandika kwenye daftari lake, na ameniomba niwaletee ukurasa mmoja wa zaburi hiyo kabla ya mwisho wa mwezi.