Kipimo cha mkojo au pasipoti ya kibaiolojia?
Kipimo cha mkojo kinataka bahati: mchezaji akutwe dawa iliyopigwa marufuku michezoni ingali mwilini. Julai 2019 Aphiwe Dyantyi, winga wa raga wa Afrika Kusini, alipimwa akiwa kambini na Springboks, timu ya taifa. Zikaonekana metandienone, methyltestosterone na LGD-4033, zote za kujenga misuli. Alikana kuzitumia kwa makusudi, akafungiwa miaka minne.

Pasipoti haiitafuti dawa yenyewe. Inalinganisha sampuli za mtu yuleyule kwa muda mrefu, mathalani uwiano wa testosteroni (homoni inayojenga misuli) na epitestosteroni, kemikali ya mwili inayofanana nayo. Anayejipaka jeli ya testosteroni kidogokidogo anaweza kuponyoka kwenye mkojo wa siku moja. Hapa uwiano huweza kumsaliti. Ila pasipoti hudai sampuli nyingi, na fedha (klabu ndogo zisahau). Kwa raga ya kulipwa, naichagua pasipoti.