Kontena lisigeuke tanuri: nunua kivuli kwanza, povu baadaye

Ingia kwenye kontena la duka pale Mbagala, saa nane mchana mwezi Januari, utajua kwa nini wakala wa pesa ameketi nje na kimeza chake. Ukuta wake ni chuma cha milimita 2 hivi, na chuma hakifichi jua. Wengi hukimbilia kiyoyozi. Kupoza chuma kitupu ni kuteka maji kwa pakacha.

Kwa hiyo, katika njia za kuzuia joto kwenye kontena, namba moja yangu, kwa pwani yote kuanzia Mombasa hadi Mtwara, ni paa la pili, hata kama mafundi wa povu, lile linalopulizwa ukutani likakauka na kuzuia joto, watanuna. Mabomba ya mraba, bati za kawaida, na nafasi ya sentimita 30 au zaidi juu ya kontena ili upepo upite. Upande wa magharibi bati zitokeze zaidi, maana jua la jioni ndilo linalopiga ukuta. Paka rangi nyeupe. Kisha toboa matundu mawili yenye wavu, moja chini upande upepo unakotoka, jingine juu upande wa pili. Vitundu vya kiwandani ni vidogo mno. Kama unaweka vipuri tu, ishia hapo. Kama ni mahindi, yakaushe kwanza hadi unyevu wa asilimia 13 hivi, la sivyo kuvu litakusubiri hata ukizungushia povu gani.

Namba mbili ni povu la kupuliza. Hushika kwenye mikunjo yote ya chuma bila kuacha mwanya, kwa hiyo jasho halipati pa kukaa. Hili ndilo la Njombe, Mbeya au Limuru, ambako usiku wa baridi pumzi za waliolala hugeuka matone na kudondokea godoro. Chagua povu gumu. Lile laini hunywa maji. Ni ghali, na halirudi nyuma: madirisha, milango, kuchomelea, vyote viishe kabla. Mimi nilimruhusu fundi aongeze "kadirisha kamoja tu" baadaye. Povu likashika moto ndani ya ukuta, tukahangaika na ndoo za majirani.

Mfuko ukiwa mwepesi, kuna mabamba meupe, yale yanayofungiwa televisheni mpya. Seremala yeyote anayakata. Ziba kingo kwa povu la kopo, na usiyaache wazi hata siku moja: yanawaka haraka na moshi wake ni sumu. Funika kwa jipsamu. Ila piga hesabu: upana wa ndani ni mita 2.35, na bamba la sentimita 5 pamoja na jipsamu kila upande hukuachia mita 2.2 na kidogo. Kitanda cha futi sita kinaingia, lakini njia ya kupita utaipita kwa ubavu. Ukiziba na dari, kimo nacho hupungua; ndiyo maana anayetaka kuishi humo namshauri atafute lile refu, haikyubu, lenye sentimita 30 zaidi kwenda juu.

Pamba ya mawe, yaani vigodoro vya nyuzi za mawe, haiungui na hupunguza kelele. Nzuri kwa studio. Ikilowa hulala chini, juu kukabaki wazi.

Mkiani naweka karatasi ya kung'aa yenye vipovu. Hufanya kazi ikiwa na nafasi ya hewa mbele yake. Ikigandishwa kwenye chuma, umenunua pambo.

Kontena la friji lililokufa mashine lina foleni yake. Povu limo tayari ukutani, linafaa kwa stoo ya samaki au mboga. Gonga kuta kabla ya kulipa: panapovimba au kulia utupu, povu limeachana na ukuta. Usilikate madirisha ovyo.

Na kwa kontena lolote la kulala, inama uangalie sakafu. Mbao zake kwa kawaida hutiwa dawa ya kuua wadudu. Kibao cha chuma mlangoni huonyesha ipi. Ifunike vizuri kabla mtoto hajatambaa humo.