D&D Beyond: Nimemuunda Ranger wa Amboni

Kundi letu hapa Chumbageni, Tanga, hucheza Dungeons & Dragons, mchezo wa mezani wa kuigiza wahusika wa kubuni, Jumamosi jioni, na mimi nilitaka Ranger, yaani mwindaji wa porini, anayetokea Mapango ya Amboni. Vitabuni hayupo. Nikamuunda D&D Beyond, tovuti rasmi ya mchezo huu, kwa akaunti ya bure.

Unachagua kwanza darasa mama (aina kuu ya mhusika, kama Ranger), kisha unaandika uwezo wa tawi lako (subclass, yaani toleo la darasa hilo) levo kwa levo. Kwa Ranger ni ya 3, 7, 11 na 15. Raha yenyewe iko kwenye sehemu ya kuongeza athari. Nilitaka aone gizani futi 60: nikachagua athari ya kuona gizani, nikajaza 60, na karatasi ya mhusika ikabadilika yenyewe. Ukiandika maelezo matupu yatasomeka tu, hesabu itabaki vilevile. Hapo ndipo penye ufundi, jamani, pachukulie muda. Fomu ni ndefu, kwa hiyo tumia kompyuta, siyo simu.

Darasa jipya kabisa huwezi kuunda, ni matawi tu. Kwangu inatosha sana. Popo wa Amboni wamenipa wazo la levo ya 7: kumsikia adui aliyejificha. Wenzangu mezani wameshaanza kudai matawi yao.